Imekuja Bila Nini?

Siku niliyoripoti hospitali ya Tukuyu, mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee aliyepigwa pembe na dume la ng'ombe. Nilikuwa nimetoka Singida, kwenye jua na vumbi, na viatu vyangu vyeupe vilikuwa vimeshajaa tope kabla sijafika mlangoni. Matroni alinitazama miguu, hakunisalimu, akanionyesha chumba cha kufungia vidonda. "Kuna mtu anakusubiri humo," akasema. Nilidhani ni mkubwa wangu wa kazi. Kumbe ni yule mzee, amekaa kwenye benchi, ameugandamiza ubavu wake kwa shati lililokunjwa, ananisalimu kwa Kinyakyusa kwa adabu zote kana kwamba tumekutana njiani. Sikujua kumjibu. Nilijua kushona, basi nikashona.

Nimestaafu juzi tu, na wauguzi wadogo niliowaacha wodini wameniomba niwaandikie yale yasiyofundishwa chuoni. Vyeo na semina nitaviruka, havikuwahi kumponya mtu. Nitaandika kuhusu majeraha, ambayo ndiyo kazi niliyoifahamu, na kuhusu mtu aliyenifundisha kuyasoma.

Kwanza vifaa, maana ninyi mnachana pakiti, mnatumia na kutupa. Sindano zetu zilikuwa za kioo, tukizichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Glavu tulizifua, tukazianika, tukazipaka poda na kuzivaa tena, na iliyotoboka kidole tuliiziba kiraka kama mpira wa baiskeli. Tukuyu mvua haina adabu, kwa hiyo kuanika maana yake ni kutundika juu ya jiko na kuomba zisiyeyuke. Bandeji nazo tulizifua. Nimewahi kumfunga mtu kichwa kwa bandeji ambayo mwezi uliopita ilikuwa kwenye goti la shemeji yake, na wote wawili walipona.

Mganga mkuu wetu alikuwa Dokta Kyando, mtu wa Makete, mrefu, mwenye sweta moja la kijivu na kikohozi cha sigara. Alikuwa na mikono mizuri ya upasuaji na tabia moja iliyowachosha wengi. Kila alipoletewa aliyeumia, akishamaliza kumtibu, alianza kumhoji. Si kuhusu maumivu. Alitaka kujua kilichomuumiza kimetoka wapi, kimeletwa na nani, kabla ya hapo watu walikuwa wanatumia nini. Wagonjwa wengine walidhani ni mtu wa kodi, wakawa wanamdanganya hadi jina la baba.

Miaka yangu ya mwanzo hapakuwa na mengi ya kuhoji. Tulipokea walioanguka kutoka kwenye miparachichi, waliojikata panga shambani, watoto walioungua mekoni, na kila masika waliopigwa radi. "Haya ni majeraha ya babu zetu," Dokta aliniambia nilipokuwa nikimsaidia kumfunga plasta mkono mkata kuni mmoja. "Yana umri. Kila nyumba hapa inajua kuyaogopa. Mtoto wa miaka minne anajua umbali wa kukaa na moto."

Ndipo ikaja ruksa, serikali ikawaachia wafanyabiashara waingize bidhaa. Sitaki mtu adhani ninalilia zile foleni za sabuni, nimesimama za kutosha. Maduka yalipojaa nilifurahi kama wengine, nikajinunulia koti la mitumba ambalo lilinikinga baridi ya Tukuyu kwa miaka. Lakini sisi wa chumba cha vidonda tulianza kuona vitu ambavyo hatukuwa tumeviona.

Wa kwanza alikuwa mwanamke kijana kutoka Nkunga. Mtu mmoja alikuwa ameleta mashine ya kusaga kijijini kwao, na wote walishangilia, maana kabla ya hapo walikuwa wakitembea na magunia vichwani hadi barabarani. Yule mwanamke aliinama kuchota unga wake, mkanda wa mashine ukanasa ncha ya khanga, khanga ikavuta mkono. Tuliukata mkono ule juu ya kiwiko. Jumamosi Dokta alikwenda Nkunga kuitazama mashine, akarudi na sweta limelowa.

"Ilipotoka kiwandani ilikuwa na kifuniko cha chuma juu ya mkanda," akatuambia. "Waliking'oa Mbeya ili gari lisilemewe. Hakuna aliyewaambia kifuniko ni cha nini."

Akawasha sigara, akaiangalia bila kuivuta. "Redio inatuambia kila siku nini kimeingia. Wodi yangu inaniambia kimeingia bila nini."

Kuanzia hapo swali lake likawa hilo. Akaletwa mtoto aliyekunywa dawa ya kuulia wadudu, ambayo mchuuzi wa gulioni alikuwa akiipima kwenye chupa za soda. "Imekuja bila chupa yake," Dokta akasema, baada ya kumfunika mtoto uso. Wakaletwa vijana kutoka kibanda kimoja cha video hapo Bulyaga. Mvua ilikuwa inanyesha, mwenye kibanda akaiingiza jenereta ndani isilowe, akafunga mlango. Wawili hawakuamka. "Imekuja bila mtu wa kusema kwamba hewa yake inaua."

Matroni alichoka naye. "Dokta, wewe hata ukialikwa harusi utauliza imekuja bila nini."

"Mara nyingi huja bila maongezi ya wanaooana," akajibu, na siku hiyo hata matroni alicheka.

Lakini hakuwa anatania. Aliniambia mara moja, tukiwa tunanawa mikono, kwamba watu hudhani ajali ni kitu kilichoharibika. Yeye aliona kinyume. Kwenye ajali ndipo kitu kinapojieleza. Kikiwa kinakwenda vizuri kinatuonyesha anachotaka mwenye kukiuza, na kikipinduka kinatuonyesha jamii iliyokipokea. "Ukitaka kujua nchi ina hali gani," akasema, "usisome hotuba. Simama hapa mlangoni uangalie wanavyoletwa." Nilikuwa mdogo, nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka. Nilikuja kuyaelewa kwa lile lori.

Mwenye lori aliitwa Asajile, mtu wa Kawetele. Alikuwa fundi kwenye karakana ya shirika moja la umma la usafirishaji kule Mbeya. Shirika lilipoanza kufa, mafundi wakapunguzwa, mabasi yakaacha kuja, na magari ya zamani yakauzwa. Asajile alirudi nyumbani na moja ya yale malori ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiyatengeneza. Kijiji kizima kilimpokea. Migomba ilikuwa imelemewa, ndizi zinaivia shambani, na mabasi machache ya watu binafsi hayakutaka mikungu. Mke wake, Atupele, ndiye aliyewapanga wanawake wa kupeleka ndizi sokoni Mbeya, wakikaa juu ya mizigo yao. Nilimfahamu vizuri. Alikuwa akiniuzia ndizi nyumbani kwangu, mwanamke mnene kidogo, mcheshi, ambaye hakubali uchague mwenyewe. "Nesi, wewe choma sindano," ananiambia, "ndizi niachie mimi."

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, ukungu umekaa juu ya barabara. Lori liliposhika mteremko wa kuelekea Mto Kiwira, breki ziligoma. Likaenda bila mtu wa kulizuia hadi kwenye kona, likalala kwenye bonde dogo la chai, na mikungu ikawaangukia waliokuwa juu yake. Wachumaji chai ndio waliowatoa, wakawaleta kwetu kwa gari la majani ya chai, wamelazwa juu ya majani.

Hapa nawaomba mnisikilize kikazi. Mkipokea watu wengi kwa pamoja, masikio yatawavuta kwa wanaopiga kelele. Anayepiga kelele ana pumzi. Nendeni kwanza kwa aliyenyamaza. Nilipita mstari ule nikiwaruka watu niliowajua kwa majina, wakinishika gauni. Utomvu wa ndizi ulikuwa umechanganyika na damu, bandeji zikawa hazishiki au zikishika hazitoki. Mwisho kabisa, karibu na ukuta, mtu alikuwa amelazwa na kufunikwa khanga vizuri kama anayepumzika. Nilifunua, nikamkuta Atupele. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao, na midomo yake haina rangi. Alinitambua. Hakusema kitu, yeye ambaye hakuwahi kukosa neno. Dokta alimpeleka yeye kwanza chumba cha upasuaji, na hakutoka hai. Wanawake wengine watano wa Kawetele walikufa pamoja naye.

Dereva alikuja na gari la pili. Aliitwa Festo, kijana wa Iringa aliyeajiriwa na Asajile, mguu wa kulia umesagika chini ya goti. Nyuma ya gari lile walikuja watu na fimbo. Matroni, ambaye alikuwa mfupi na mwenye presha, alikwenda kusimama getini peke yake.

"Tupe huyo muuaji!" wakapiga kelele.

"Mkitaka kumuua mtasubiri nimtibu kwanza," akawajibu. "Hapa ni hospitali, kila kitu ni foleni."

Walisimama pale mpaka mvua ikawatawanya.

Kufika mchana mji mzima ulikuwa unajua kwamba Festo alikuwa amelewa. Waliokuwa sokoni walijua, walinzi walijua, hata mpishi wa hospitali alijua ni pombe ya aina gani. Mimi ndiye niliyemkata suruali na kumshika kichwa wakati Dokta anatafuta mshipa unaovuja. Uso wangu ulikuwa karibu na mdomo wake kuliko mtu yeyote. Alinuka chai ya tangawizi. Dokta naye aliinama akamnusa, akanitazama, akatikisa kichwa.

Asajile alikuja jioni, akiwa ameshamwona mke wake. Hakulia. Alisimama mbele ya Dokta na mikono yake imening'inia.

"Dokta, yule kijana alikuwa amelewa. Polisi wakija, uwaambie."

"Pole sana, Asajile. Pole sana, ndugu yangu. Lakini hakuwa amelewa."

"Alikuwa amelewa!"

Dokta alimsogelea. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Breki zilikuwaje?"

Asajile aliitazama mikono yake, mbele na nyuma. "Mimi ni fundi breki, Dokta," akasema. "Maisha yangu yote mimi ni fundi breki." Akageuka, akaondoka, akiacha mlango wazi.

Dokta hakufurahia kuwa sahihi, hilo niliandike. Alikaa kwenye kiti cha chumba cha vidonda mikono imetapakaa utomvu. "Ukipata dereva mlevi, kila mtu analala usingizi," akasema. "Hakuna atakayeuliza mabasi yalikwenda wapi. Hakuna atakayeuliza kwa nini lori linauzwa na vipuri haviuzwi. Fundi mzuri ametolewa kwenye karakana yake, akapewa gari bovu, akaambiwa sasa ni mfanyabiashara. Huyu naye ameletwa bila kitu, sista. Kama mashine ya Nkunga."

Siku chache baada ya mazishi, saa ya kuona wagonjwa, alikuja bibi mmoja amejifunga khanga nyeusi, mkononi ana kibuyu cha maziwa. Mguu wa Festo ulikuwa umeshakatwa. Askari wa kumlinda alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, kichwa kimelalia ukuta.

"Ndaga, mwanangu," bibi akanisalimu. "Nataka kumwona deleva."

"Wewe ni nani wake, bibi?"

"Mimi Tupokigwe. Mama yake Atupele."

Niliogopa. Nilimtazama mikono, nikatazama kibuyu. Alielewa, akakifungua, akamimina kidogo kiganjani, akanywa mbele yangu. Nikampitisha, nami nikasimama miguuni pa kitanda nikijifanya natengeneza shuka.

Festo alimtambua, alikuwa amekula nyumbani kwao. "Shikamoo, mama."

"Malahaba. Ulikunywa pombe?"

"Hapana, mama. Naapa."

"Gali lilifanya nini?"

"Breki ziligoma. Nilikanyaga zikazama mpaka chini. Nikajaribu gia ikakataa kuingia." Akaanza kulia. "Walikuwa wananigongea juu ya kabini, mama. Wananigongea wote."

Bibi alisubiri amalize. "Ulikuwa unajua ni mbovu?"

Festo alijifuta uso. "Nilijua. Jioni yake nilimwambia Bwana Asajile. Akasema vipuri vinakuja wiki ijayo, nishuke polepole kwa gia. Dada Atupele alikuwepo. Akasema ndizi zimeshakatwa, zikilala siku nyingine hazitanunuliwa."

"Alikuwepo?"

"Alikuwepo, mama."

 Bibi alimimina maziwa kwenye kikombe cha kando ya kitanda, akakishika mwenyewe mpaka yule kijana akamaliza. Nilipoinua macho, askari alikuwa macho, na sijui aliamka saa ngapi.

Kesi ilisikilizwa pale pale mjini. Habari ya pombe haikufika mbali, maana Dokta aliikana waziwazi na mimi nikaikana. Nilidhani tumemwokoa. Lakini askari alisimama akaeleza kwamba mshtakiwa mwenyewe alikiri wodini kuwa alijua breki ni mbovu. Wakaniita tena. Nikaulizwa kama nilimsikia akisema hivyo.

"Nilimsikia," nikasema. "Na alisema alimwambia mwenye gari."

"Jibu ulichoulizwa, muuguzi," mwendesha mashtaka akasema.

Asajile aliitwa. Kwa sauti ambayo hata waliokaa mbele waliisikia kwa shida, akasema dereva hakuwahi kumweleza chochote.

Hakimu alikuwa mtu mpole, nadhani kesi ilimuumiza. Alimgeukia Dokta na kumwuliza kwa maoni yake nini kilisababisha vifo vile. Dokta akaanza na mabasi. Akaeleza karakana iliyofungwa, magari yaliyouzwa, wakaguzi wasiokuwa na hata usafiri wa kwenda kukagua. Akaeleza mashine ya Nkunga. Watu wakaanza kunong'ona. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Daktari, nakuelewa," akasema. "Lakini mahakama hii inaweza kumfunga mtu. Haiwezi kufunga zama."

Festo akafungwa. Alipelekwa kwenye gari akiwa na magongo tuliyompa sisi, na askari wawili wakambeba kumpandisha kwa sababu alikuwa hajayazoea.

Nje, kwenye ngazi, watu wa Kawetele walikuwa wamesimama wakimpa pole Asajile. Bibi Tupokigwe akapita katikati yao mpaka mbele ya mkwe wake. Hakupandisha sauti.

"Wewe ulijua," akamwambia. "Deleva alijua. Mwanangu naye alijua. Ambaye hakujua ni mimi, na mimi ndiye niliyemtwisha mkungu kichwani asubuhi ile, nikamwambia wahi."

Asajile alikaa chini pale pale kwenye ngazi, kwenye maji ya mvua, na hakuna aliyemwinua. Haukupita muda mrefu akaondoka Kawetele. Wengine walisema yuko Chunya kwenye dhahabu, wengine wakasema amevuka mpaka. Watoto wake alimwachia bibi yao. Dokta Kyando alihamishwa mwaka uliofuata, kwa taratibu za kawaida, kadiri ninavyojua. Tulimpikia chai na maandazi. Matroni akatoa hotuba fupi, akashindwa kuimaliza. Mganga aliyekuja baada yake alikuwa mtu mzuri, mwepesi, asiyeuliza maswali, na foleni yetu ilikwenda haraka zaidi.

Mimi nilibaki, na nilibaki na swali lake, ambalo halijaniacha hata kwenye pikipiki zenu za siku hizi. Nimeliuliza kwenye vitanda vingi. Sina uhakika lilimponya mtu. Lilinizuia tu kusema "bahati mbaya" mbele ya mama wa mtu.

Asubuhi moja, kabla hata Dokta hajahama, nilikuwa nakwenda kazini kutoka Bulyaga nikakuta lori limesimama kando ya barabara, injini inaunguruma. Si la Asajile, hili lilikuwa la mtu mwingine, limepakwa rangi mpya ya bluu. Mikungu ilikuwa imeshapangwa, na wanawake walikuwa wanapanda juu yake mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Bibi Tupokigwe, amejifunga khanga kiunoni, mguu mmoja ameshauweka kwenye gurudumu.

"Shikamoo, bibi."

"Malahaba, mwanangu."

"Bibi, na wewe unapanda?"

"Watoto wanataka kula."

Nilishindwa kuondoka. "Umewauliza habari ya breki?"

"Nimewauliza."

"Wamesemaje?"

Alikaza fundo la khanga yake, akanitazama kwa upole, kama anayenionea huruma.

"Wamesema, bibi, panda."

Mwanamke aliyekuwa juu akamnyooshea mkono. Akapanda.